Notsi za Usisahau

"Dada, kila notsi unaiita 'Usisahau'? Zipange kwenye mafolda, utazipata chapuchapu," karani aliyeketi mbele yangu basini alimwambia fundi cherehani wa pembeni yake, akichungulia simu ya mwenzake. Hakuulizwa, ila macho hayana pazia.

"Aliziandika marehemu mama. Tulikuwa tunashona wote, na notsi tunachangia kwenye simu zetu."

"Basi hii ya vipimo iite 'Vipimo'."

"Nikiigusa tu, hapa chini patabadilika." Fundi akamwonyesha maandishi madogo: Imehaririwa mara ya mwisho na Mama.

Karani akarudisha kidole. "Sasa ukitafuta kitu, si itabidi uzisome zote?"

"Ndiyo," alisema fundi, kama aliyekaribishwa chai.

Basi likasimama, fundi akashuka. Karani akafungua mafolda ya simu yake, yamepangika rangi kwa rangi, kila notsi imehaririwa mara ya mwisho na yeye mwenyewe.