Mtu Ambaye Darubini Hakumwandika

Kijiwe chetu kiko hapa Suna, kona ya fundi wa baiskeli na duka la mbegu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe manne, na mbele yake jiko la Eucabeth, ambaye sisi humwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa sababu ndiko kwao. Jumatatu iliyopita, saa tano asubuhi, Werema alikuwa ameketi mwisho wa ubao huo, kikombe cha kahawa mkononi, akitusimulia habari za ndege. Akanyamaza katikati ya neno. Kikombe kikaanguka, kikapasuka kwenye jiwe, na yeye hakusikia. Tulimtikisa, akafungua macho, akatutazama kama watu asiowajua, akalala tena. Sasa yuko hospitalini Homa Bay, na huko wanasema wanachunguza kama ni malale, ule ugonjwa wa kulala unaoletwa na mbung'o, lakini hawajathibitisha. Alituachia mkoba wake. Ndani mna darubini aliyoachiwa na mtalii, ile iliyompa jina lake la kijiweni, Darubini, na daftari la safari zake za mwaka mzima.

Mimi ni Nyamweya. Nauza viatu vya mitumba, na ni shemasi katika kanisa la Sabato, kwa hiyo hapa naitwa Shemasi. Kahawa kanisani kwetu haitakiwi, basi Nyar Karungu huniwekea yangu kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, wapita njia wadhani ni uji. Siri hiyo wanakijiwe wanaijua na wananitania nayo kila siku. Ile nyingine hawaijui. Jumamosi moja ya Agosti nilituma ujumbe kanisani kwamba nina homa, siwezi kuja ibadani, kisha nikapanda pikipiki nyuma ya Werema hadi Bonde la Lambwe kumtafuta mbayuwayu wa buluu. Mbung'o wa huko hawakuchagua wa kumuuma. Sasa mwenzangu yuko kitandani, na mimi hii ni wiki ya tatu nasinzia dukani mchana, kiatu cha mteja mkononi. Naogopa, na sina wa kumwambia. Homa niliyomdanganyia Mungu naona kama imeamua kuja kweli.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo aliyelitoa daftari ni Hakimu. Jina lake ni Onsongo, mwalimu mstaafu, anayehukumu kila ugomvi hata asipoitwa. Kando yake alikaa Cliff, tunayemwita Daktari kwa sababu alikuwa mlinzi wa duka la dawa miaka sita, na anasema mlango ulimfundisha. Mwisho wa ubao, mahali pa Werema, hapakuwa na mtu. Tangu Jumatatu hakuna aliyetaka kupakalia. Mimi ndiye niliyekuwa jirani napo.

— Ugonjwa haitokangi hewani, Hakimu alisema. Iko hapa ndani, kwa ukurasa fulani. Tukiipata tunapigia hospitali.

— Na tukikosa? Nyar Karungu akauliza.

— Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Werema alichoka, kwa hivyo alipata.

Hakuna aliyecheka sana. Hakimu akavaa miwani, akaanza kutusomea mwandiko wa Werema.

"Januari. Ntimaru. Nimelala kwa mjomba siku nne nikimtafuta bundi. Nimempata kwenye mti wa shule, ananiangalia tu. Nimerudi na tumbo la kuendesha."

— Simama hapo, Daktari alisema. Bundi. Mtu anatoka kwake na nguvu zake kwenda kutafuta bundi? Sisi kwetu bundi ikilia tunaifukuza na kijinga cha moto. Yeye anaipiga picha.

— Tumbo ni maji ya kisima, Nyar Karungu alisema.

— Tumbo ndio kubisha hodi, mama. Kifo haiingiagi kama haijabisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hiyo jembe ndio ya kuchimba kaburi.

Hakimu akamwambia methali hiyo haiendi hivyo. Daktari akajibu kwamba mwalimu amestaafu, methali hazijastaafu. Mimi nilikuwa nimekishika kikombe changu kwa mikono miwili, nikihesabu miezi. Januari, halafu Machi, halafu Juni. Agosti haikuwa mbali.

"Machi. Mfangano. Mawimbi. Nimetapika kwenye boti mpaka wamama wa samaki wakanihurumia. Kwenye pango popo ni wengi kuliko watu wa soko. Picha arobaini. Nyumbani homa siku tisa. Daktari amesema ni malaria tu, nimemeza dawa."

Hakimu alishusha miwani, akamtazama Cliff. Daktari aliyetajwa pale hakuwa mwingine.

— Ilikuwa malaria, Cliff alisema. Ilikuwa na dalili zote.

— Ulimpima?

— Omera, ndugu yangu, malaria ya mtu wetu inapimwa na macho.

Sauti yake ilishuka mwishoni. Kisha akaishika ile habari ya popo kama mtu anayeshika mti kwenye mafuriko. Akasema popo wa kisiwani hawalali bure kichwa chini. Damu yote inashuka kichwani, ugonjwa unashuka nayo, na ukiingia na taa wanakupumulia. Akasema yuko mtu wa Sena aliyepumuliwa akasahau jina la mke wake. Hakimu akauliza mtu huyo anaitwa nani. Daktari akasema hata yeye mwenyewe hakumbuki, ndiyo ujue ni kweli.

"Juni. Milima ya Homa. Chemchemi za maji moto. Jipu kwenye mguu, siwezi kuvaa kiatu. Nimemwona tai akimla nyoka. Daktari amenipa vidonge vilevile."

Safari hii Hakimu hakumtazama Cliff. Nyar Karungu ndiye aliyeongea, huku akichochea makaa. Alisema yeye shaka yake ni darubini. Mzungu aliyeiacha hakuna anayejua kama yu hai. Mtu ukitazama kwa jicho la marehemu, alisema, utaona vya marehemu, na macho yatataka kufumba. Hapo darubini yenyewe, tuliyoitoa mkobani, ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya jiko lake. Tuliitazama. Hakimu, msomi wa watu, akasogea kidogo kando.

— Geuza ukurasa, Daktari alisema.

Nilitaka kusema nina mteja. Nilitaka kusema lolote.

"Agosti, Jumamosi. Lambwe. Tumewaona saa nne na dakika kumi, mbayuwayu wawili, wanaruka chini chini juu ya nyasi. Mbung'o ni wengi, shati langu la buluu wamelipenda. Niko na mtu mmoja. Ameomba nisimwandike, kwa hiyo simwandiki. Alipomwona yule ndege alilia. Hii ndiyo siku yangu nzuri mwaka huu."

Nilikumbuka. Nililia kweli. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikiwa hakina faida kwa mtu yeyote, na Werema aligeuza uso upande wa pili ili nisione aibu. Wakati wa kurudi ndipo nilipomwomba asiniandike. Alisema, "Sawa, Shemasi," na hatukulitaja tena. Hata homa ilipomlaza baadaye hakunitaja.

— Mtu mmoja, Hakimu alirudia. Mtu gani huyu?

— Mwanamke, Daktari alisema. Wa Mbita. Nani mwingine analilia ndege?

— Mwanamke angependa kuandikwa, Nyar Karungu alisema. Huyo ni mwindaji wa swala. Alikuwa anaficha sura.

— Mwindaji alie?

Daktari akafikiri. Niliona wazo likimjia, na niliona likimtisha yeye mwenyewe kabla halijatoka.

— Basi hakuwa mtu. Sikieni. Anaomba asiandikwe. Analia bila sababu. Hajulikani ametoka wapi. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini huyu amekuja wakati wa raha. Hiyo ni mzimu. Na mzimu ikimaliza mtu haiendangi mbali. Inakuja kukaa pale mtu alikuwa anakaa.

Wote watatu wakatazama ile nafasi tupu mwisho wa ubao. Kisha, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu nayo, wakanitazama mimi. Nilihisi jasho likishuka nyuma ya shingo, palepale penye kovu dogo la kuumwa na mbung'o, ambalo huwa nalikuna. Nikauzuia mkono.

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja wa makamo, koti la wahudumu wa afya ya jamii, mkoba begani. Alisalimia, akasema anaitwa Lynnet, ametumwa na wenzake wa Homa Bay, na akauliza kama hapa ndipo Werema alikuwa anakunywa kahawa. Hakimu akamkaribisha. Lynnet akaangalia ubao, akataka kukaa pale penye nafasi, na Daktari akamwomba kwa upole asikae. Akabaki amesimama.

— Anaendeleaje, dada? Nyar Karungu akauliza.

— Si vizuri, mama. Asubuhi aliamka kidogo. Wenzangu wakamuuliza mbung'o walimuuma wapi na lini. Akasema Lambwe. Akasema tulikuwa wawili. Halafu akalala.

Hakimu alimwonyesha ukurasa. Lynnet aliusoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Alipoinua kichwa hakuuliza habari za bundi, wala popo, wala darubini.

— Huyu wa pili ni nani?

Hakimu aliangalia viatu vyake. Daktari, aliyekuwa na majibu mawili dakika tano zilizopita, akaanza kufuta kikombe chake kwa shati. Mimi nilijua, nikainamia kikombe changu. Akilini niliona mzee wa kanisa akisimama mbele ya washiriki akilisoma jina langu, na mke wangu kiti cha tatu. Nikaona pia kitanda cha Homa Bay. Sikujua kipi kinaniogopesha zaidi.

Lynnet akachukua kalamu. Akaandika namba yake ya simu kwenye jalada la daftari.

— Pengine hata mwenyewe hajui kama amepata, alisema. Ikijulikana mapema inatibika. Ikichelewa inaingia kichwani. Mkimwona mwambieni aje tu. Hakuna mtu atamuuliza siku hiyo alikuwa ametoroka wapi.

Akaaga, akashika njia ya kituo cha mafuta. Hakimu na Daktari wakaanza tena, taratibu, kuhusu mizimu na mbung'o nani alitangulia kufika Lambwe. Nilisikia Nyar Karungu akisema kahawa imeisha, tumpe vikombe vyake. Nilisikia hivyo, kisha sikusikia kitu.

— Nyamweya.

Nyar Karungu hajawahi kuniita jina hilo. Nilifungua macho. Alikuwa amesimama mbele yangu, mkono umenyooshwa kupokea kikombe, na mikono yangu haikuwa na kitu. Kikombe kilikuwa chini, mfuniko umetoka, kahawa nyeusi imelowesha viatu vyangu vyote viwili, mbele ya watu wote wanaopita. Sikukisikia kikianguka.

Daktari alikuwa anakitazama kile kikombe. Hakimu alikuwa amesimama.

Lynnet alikuwa bado hajavuka barabara. Nikainuka, nikamwita. Akageuka.

— Dada, nikasema. Ni mimi.