Dalmas Oluoch Ajwang, Mtoto wa Ziwa Aliyesahau Gugu (1981–2025)

Ndugu yetu Dalmas Oluoch alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, hapa hapa nyumbani karibu na Kendu Bay, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ajwang na Mama Rachael. Mimi Beldina ndiye niliyemfuata, na tangu nipate akili nimekuwa nikimuuliza anafanya nini.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari Kisumu, na mwaka 2001 akaingia Chuo Kikuu cha Maseno kusomea kompyuta. Likizo zake ziliishia soko la Kibuye, akichakura redio mbovu. Spika ya redio moja ilihamia kwenye nyingine, kisha kwenye kengele ya mlango wetu, ikawa inalia hata kuku akipita.

Kuanzia 2007 alikuwa raia mwenye mkataba na kitengo kimoja cha mafunzo cha jeshi, akitengeneza mazoezi ya vita ya kwenye kompyuta, askari waendeshe boti kwenye skrini kabla ya kuchoma mafuta ya kweli. Hakutengeneza zoezi zima. Alitengeneza vipande: mvua, mawimbi, injini ya boti. Kila kimoja kilijitegemea, ili zoezi lingine likihitaji mvua lichukue ile ile badala ya kuanza upya. Mama alipomuuliza, alijibu, "Mama, ni kama sufuria. Leo unapika ugali, kesho omena, na sufuria ni ile ile."

Mama akaguna. "Kwa hivyo wewe unauzia jeshi sufuria?"

Majirani waliamini hivyo kwa miaka, naye hakuwasahihisha.

Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa na Lornah Naswa, muuguzi, katika kanisa moja mtaani Migosi. Naye pia aliambiwa habari ya sufuria. Walijaliwa mabinti wawili, Akinyi na Winny.

Agosti 2021 alikuwa akimvusha Mama kwenda kliniki Kisumu. Upepo ukageuka, gugu maji, lile linaloelea na kutanda ziwani, likaifunga boti yao kutoka asubuhi hadi jioni. Mama alikuwa anatetemeka, hana dawa. Dalmas alinipigia simu akicheka, sauti inakatika. "Beldi, nimesahau gugu! Mimi, mtoto wa ziwa! Askari wangu wanavuka hapa kila siku kwa skrini na hakuna hata jani moja." Alikuwa amechukua kipande cha maji alichokitengeneza kwa ajili ya bahari, akakitia ziwani jinsi kilivyo. Nilisikia kilio ndani ya kile kicheko.

Akatengeneza kipande cha gugu, linalosukumwa na upepo. Kikaingia kwenye zoezi, kikafanya kazi. Lakini akaanza kujiuliza: kama kinaweza kuhama kutoka zoezi hadi zoezi, kwa nini kisihamie kwenye simu ya nahodha, kimwonyeshe gugu litakuwa wapi? Kilikuwa mali ya jeshi. Aliomba kiachiliwe kwa watu wa ziwa, akangoja.

Mwishoni mwa 2023 figo zake ziligoma. Alisafishwa damu Kisumu, Lornah akiwa kando yake. Kila nilipomtembelea aliuliza, "Wamejibu?" kabla hata ya salamu. Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, jibu likiwa halijafika. Iliniuma mno, na bado inaniuma.

Haya yafuatayo hayamo kwenye programu ya mazishi mliyoshika, kwa kuwa ilikuwa imeshachapwa. Kibali cha jeshi kilifika juzi Alhamisi. Bwana Wandera, mwenzake wa kazi, alikesha na kile kipande cha gugu hadi kikafanya kazi kwenye simu yake. Dalmas alitaka arudishwe nyumbani kwa njia ya maji, lakini leo asubuhi gugu lilikuwa limefunga ufuo wa Dunga kule Kisumu, na wazee walishaanza kusema jeneza lipite barabarani. Wandera akatazama simu. "Wazee, ngojeni kidogo. Upepo utafungua huku kushoto."

Tukangoja. Kukafunguka.

Katikati ya ziwa, Mama aliitazama simu ya Wandera, akaniuliza, "Hii ndio ile sufuria?"

"Ndiyo, Mama."

Akaweka mkono juu ya jeneza. "Basi, Dalmas. Nimeelewa."

Amewaacha Mama Rachael, mjane wake Lornah, mabinti zake Akinyi na Winny, nami dada yake.

Bwana akupe amani, ndugu yangu. Umefika nyumbani, na njia ulijitengenezea mwenyewe.