Mwalimu Ida na Darasa la Wanaoondoka

Tarehe 31 Mei 2024, Mwalimu Ida Petrovna Reimer anastaafu baada ya kufundisha Kijerumani kwa miaka thelathini na tisa katika shule yetu, hapa nje kidogo ya mji wa Karaganda, nchi ya Wakazaki. Baadhi yetu, walimu wenzake, bado tunasita kuamini. Mwaka 1994 tulimchinjia kondoo, tukamuaga kwa machozi, na Jumatatu tukamkuta darasani anafuta ubao.

Mwalimu Ida hatulii. Hufundisha huku anatembea, mara afungue dirisha, mara alifunge. Somo alilolipenda kuliko yote ni la mipango ya baadaye: kila mwanafunzi asimame, aseme kwa Kijerumani atafanya nini akimaliza shule. Miaka ile somo hilo lilimtesa. Familia za Wajerumani wa hapa kwetu, ambao wazee wao waliletwa huku kwa nguvu wakati wa vita, zilikuwa zinahamia Ujerumani, na karibu kila aliyesimama alijibu, "Nitahama." Baada ya wiki chache dawati lake lilikuwa tupu. Hata yeye na mumewe, Jakob, walikuwa wameshafunga mizigo.

Katika kipindi alichodhani ni cha mwisho, alisimama Dariga Mukanova, binti wa Kikazaki wa miaka kumi na minne. "Mimi nitabaki," alisema kwa Kijerumani safi. "Nitakuwa mwalimu wa Kijerumani."

Darasa likaangua kicheko. "Utamfundisha nani, we Dariga? Mbuzi?"

"Cheka tu, wewe si unaondoka!" Kisha akamgeukia mwalimu. "Na sisi tunaobaki, nani atatumalizia kitabu?"

 Jioni, baada ya sherehe ya kumuaga, Mwalimu Ida alimwambia Jakob atangulie. Yeye angemfuata darasa lile likishafanya mtihani. Jakob akapanda treni peke yake, amenuna. Darasa lilimaliza, likaja jingine, nalo lina kitabu chake. Simu zikawa fupi. "Wakati ujao unaufundisha wewe," Jakob alimwambia, "lakini anayeusubiri ni mimi." Tulikuwa tunamwona akizunguka uwanja wa shule kwenye theluji.

Mwaka wa sita Jakob alirudi, sanduku mkononi, moja kwa moja hadi mlangoni mwa darasa. "Nimechoka kusubiri," alisema mbele ya wanafunzi. "Kipindi kinaisha saa ngapi?" Mwalimu Ida akavuta kiti, akaketi. Hatukuwahi kumwona ameketi darasani kabla ya siku ile.

Na Dariga? Leo ni muuguzi huko Kassel, Ujerumani. Alipokuja kututembelea mwezi uliopita, alianza kuomba radhi: "Mwalimu, ulibaki kwa ajili yetu, halafu mimi mwenyewe nikaondoka."

Mwalimu Ida alimsogezea sahani ya maandazi. "Kula, mwanangu. Nilikufundisha kuisema mipango. Kuitii sikukufundisha."

Tukimuuliza yeye atafanya nini sasa, leo atasema atafuga nyuki, kesho atakwenda Kassel, keshokutwa hataki hata kuulizwa. Mwalimu Ida, ahsante kwa watoto wetu wote, walioondoka na waliobaki. Popote mtakapoamua kuamka wewe na Jakob, tunawatakia siku nyingi, njema, zisizo na kengele.