Kimya cha Mashine ya Kambere

Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, Kambere, mwana wa muzee Kasereka, alishuka bondeni nyuma ya mtaa wa Kyeshero kuwakatia sungura majani, na hakupanda tena. Humo hukaa mazuku, ile hewa ya chini ya ardhi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu kabla hajaita. Kambere alilijua hilo. Alisomea informatiki, na ni yeye aliyetengeneza mashine ya kupima hewa hiyo na kuifunga mlingotini pale juu, ipige honi mazuku ikizidi. Asubuhi ile mashine ilikaa kimya. Siku ya mazishi watu walinong'ona kwamba kijana alisahau kitu katika programu yake. Tangu hapo muzee Kasereka aliomba jambo moja tu katika rozari: ajue kama mwanawe alisahau. Sasa Charline, aliyefanya kazi na Kambere, alikuwa ameifungua mashine, akaja, akaketi ameipakata kwenye ubao uliolazwa juu ya mawe ya volkano, mbele ya birika la mama Bibiche, muuza kahawa, walipokuwa wamekaa Kasereka na rafiki zake. Kahawa ya Kasereka ilikuwa imepoa.

— Hakusahau, papa, Charline alimwambia Kasereka. Aliandika kabisa: kipimo kisipokuwa namba, piga honi.

— Kisipokuwa namba? aliuliza Bagalwa, mwalimu wa hesabu wa zamani, ambaye mtaa mzima humwita Tableau, yaani ubao wa darasani. Kitakuwa nini sasa? Muhogo?

— Waya ililowa, ikaleta sifuri tupu. Mashine ikagawanya sifuri kwa sifuri.

— Sifuri kwa sifuri ni sifuri!

— Juzi ulisema ni moja, alidakia mama Bibiche akimimina.

— Juzi nilikuwa na njaa.

— Si sifuri wala si moja, alisema Charline. Mashine inaiita si-namba. Ukiiuliza, uko chini ya sifuri? Hapana. Uko juu ya mia? Hapana.

— Basi iko katikati! Tableau alipiga ubao, vikombe vikaruka.

— Njo vile kompilateri ilifikiri.

Kasereka aliinua kichwa polepole.

— Kompilateri ni nani?

— Ni programu, papa, inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Inafagia pia. Ikikuta swali ambalo inaona jibu lake inalijua, inalitoa, ili mashine iende mbio. Kambere alipanga: kipimo kikishuka chini ya sifuri, kirudishwe sifuri, kikipita mia, kirudishwe mia. Kompilateri ikasema, basi kinachobaki ni namba tu, kati ya sifuri na mia. Swali la Kambere ikaliona la bure. Ikalitupa. Mashine ikabaki na swali moja: mazuku imezidi tano kwa mia? Si-namba ikajibu hapana. Honi haikulia.

— Miye naelewa, alisema Habineza, aitwaye Douane, yaani forodha, kwa sababu alivusha mizigo mpakani Bunagana miaka mingi. Kwenye barrière, pale mpakani, wanakuuliza, gunia ni dogo sana? Hapana. Ni kubwa sana? Hapana. Pita! Kumbe gunia limejaa nyuki.

— Nyuki wanahesabika, alisema Tableau.

— Hesabu weye! Mi nasema kompilateri ilikula kitu kidogo.

— Nani aliipa?

— Volkano. Volkano haipendi kupimwa.

— Tena kuna kingine, alisema Charline. Ukiiuliza si-namba kama iko sawa na yenyewe, inasema hapana.

— Uongo! Kila kitu ni sawa na chenyewe! Hata Mungu...

— Mwache Mungu, Bagalwa, alisema Kasereka.

— Hata miye nikilewa siko sawa na miye, alisema Douane, wakacheka.

Kasereka peke yake hakucheka. Tangu mazishi, mtu akimwita kwa jina alichelewa kuitika, kama aliyeitwa ni mwingine.

— Charline. Hiyo kompilateri ilijua inakosea?

— Hapana, papa. Walioitengeneza waliifundisha kuhesabu mipaka, wakasahau kuifundisha si-namba.

— Basi mutoto wangu hakusahau.

— Hakusahau.

Alifumba macho. Jibu aliloliomba lilikuwa limekuja, naye alidhani lingekuwa jepesi kuliko hivi.

Hapo akatokea mama mmoja, bidoni ya maji mkononi na mtoto mgongoni. Alisema anaitwa Uwimbabazi, amehamia kutoka Masisi wiki hii.

— Samahani, bapapa. Nakwenda ziwani kuteka maji. Naambiwa bondeni kuna mazuku. Leo nipite humo, ao nisipite?



— Inategemea, alisema Douane.

Charline aliitazama mashine iliyo wazi magotini pake.

— Sijui, mama. Kweli sijui.

Kasereka alisimama, akampokea yule mama bidoni.

— Tupite njia ya juu. Ni ya kuzunguka, lakini nitakusindikiza.

Walipofika juu ya bonde, muzee alivua kofia.

— Bwana, wewe unayemjua mwanangu bila kumpima, mpokee Kambere. Mpe kupumua vizuri huko kwako. Na wote waliolala humu chini, uwaamshe upande wako. Amina.