Jina Lililosemwa Siku ya Wafu

Bandugu bangu ba shirika, mumenyamaza, donc nitaanza. Katekista ameniruhusu niseme kidogo, kisha atatuuliza majina ya wafu wetu.

Bazee munakumbuka Uhuru. Huku Masereka tuliucheza mupaka miguu ikavimba. Nyuma yake Basimba, bale waasi waliopigana na serikali, bakakuja. Siku ya kuamukia sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, bwana yangu alipanda kamyo kupeleka kabichi Butembo. Alivaa viatu vyake vya misa, juu alitaka kulala kule na kusali kesho yake. Nilimwambia avae sandali. Alicheka: "Mama, nimusalimie Maria na sandali?"

Njiani Basimba balisimamisha kamyo. Balitazama viatu, bakasema: "Huyu ni mutu ya bureau, karani wa serikali." Bakamushusha, kamyo ikaendelea. Batu ba ile kamyo ndio balinielezea. Tangu pale hakuna mutu aliyemuona tena, muzima ao maiti.

Ndugu zangu, nawaambia, kwetu bila maiti hakuna kilio. Hatukuketi chini, hatukunyoa nywele. Nilimungojea tu. Noeli ikafika, nikamutilia sahani yake. Pasaka vilevile. Batoto baliangalia ile fufu inapoa, na hakuna aliyethubutu kuigusa, hata kama njaa iliwauma.

Mais kulikuwa jambo baya kupita lile. Kila mangaribi ya kuamukia sikukuu, nilisikia mutu anagonga mulango na kucha, anakohoa kama yeye. Nikifungua, ni ukungu tu. Nilianza kuogopa sikukuu. Banaimba Aleluya, mimi niko bado Jumamosi Kuu, Yesu angali kaburini: altare tupu, tabernakulo wazi, misa hakuna. Niliishi mule miaka.

Shamba lake sikulilima. Ni lake, ningelilimaje? Batoto bakakonda.

Na Siku ya Wafu Wote, katekista akiuliza majina, niliuma midomo. Niliona nikilisema jina lake, ni mimi nitakuwa nimemuua. Munaijua ile woga, ao hapana?

Mwaka mumoja mama mukwe, ule aliyemuzaa, akasimama. Alikuwa ameisha kuzeeka, alishikilia benchi. Akasema jina la mutoto wake mbele ya batu bote. Nikamuvuta kitenge: "Mama, ikala chini! Unamuua!"

Hakukasirika. Alinitazama, machozi inateremuka. "Mutoto wangu, kwangu pia anagonga. Kila sikukuu. Nilikuwa nakuficha. Amechoka kusimama inje. Tumuache aende."

Nililia mule kanisani kilio cha miaka yote, na bamama ba hili shirika baliketi chini pamoja nami, hata wale nilikuwa sisalimiani nao. Kisha tukaenda makaburini. Sisi hatukuwa na kaburi la kupalilia, donc tulipanga maua kwenye ule musalaba mukubwa wa katikati. Tulikuta pale bamama bengine basiokuwa na kaburi, na maua yao. Sikujua kama tuko wengi hivi.

Mbele ya Majilio kuanza, balikuja na majembe, tukalima shamba lake, tukapanda viazi. Noeli ile, sahani yake nilimupa mutoto wangu wa mwisho. Alikula huku ananiangalia, kila tonge ananiomba ruhusa na macho. Aliimaliza. Siku ile nilianza kupona.

Nawashukuru, bamama. Nakushukuru, katekista, hukunisukuma hata siku moja. Musifikiri nimekuja kuwaambia kama imani inafukuza kila kitu. Hapana. Sikukuu ingali inaniogopesha. Mais nimejifunza kama mutu asiye na kaburi anastahili hata jina lake lisemwe, asaidiwe na sala kama wafu bengine. Kumungojea bila mwisho ni kumunyima pumziko, na kuwanyima chakula bale bamebaki.

Mama mukwe alikufa mwaka huu, katikati ya Pasaka na Pentekoste. Kila mwaka ni yeye alikuwa analisema jina la mutoto wake, mimi nilikuwa naitika tu. Kinywa changu hakijalisema bado. Katekista, ukiuliza leo, nitasimama mimi. Niko na majina mawili. Sauti ikikatika, bandugu, musinisaidie. Muningojee.