Mzee wa Ndevu Tatu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Mama mmoja, fundi cherehani, aliingia kwenye basi akisema, “Jamani, mpisheni mzee wa kanisa!” Nikaruka kutoka kitini, akakaa mwanawe, kijana wa ndevu tatu. Nilizihesabu vizuri, maana nilikuwa nimesimama.

Muuza viatu aliyekaa naye akaguna, “Huyu akiwa mzee, basi mimi ni marehemu.”

“Anasimikwa leo, baba!” mama alichangamka. “Misheni yetu ya kanisa la Kireformed ilianzia sebuleni kwangu, sasa watu wanasikilizia mahubiri dirishani! Wenyewe wamempigia kura awaangalie.”

“Na sisi wenye mvi atatukanya huyu?”

“Ameanza na mimi mama yake, nikaenda kumwomba jirani msamaha. Wewe, nyumbani kwako nani anathubutu kukwambia umekosea?”