Maisha ya Aron arap Mosonik, Mwachishaji wa Ndama na Mlezi wa Samaki

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Siongiroi na nyote mliokanyaga matope kutoka Kedowa na Mulot, familia imeomba maisha haya yasomwe polepole, kwa kuwa mwenyewe hakupenda mtu wa kukimbiza maneno, na tena imeomba yasomwe yote, hata yale ya samaki.

Aron Kipchirchir arap Mosonik alizaliwa hapa Siongiroi tarehe 3 Aprili 1948, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Kimosonik na marehemu Mama Tabutany, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka wa 1957, akaendelea na sekondari ya bweni huko Kericho hadi 1968, kisha akaingia chuo cha mifugo, ambako alitoka mwaka wa 1970 na cheti, buti za mpira na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea, kwamba ndama akiachwa kwa mama yake atanyonya mali yote ya mwenye boma, kwa hiyo aondolewe siku ya nne, atiwe kidole mdomoni na kuinamishwa mpaka ajue kunywa kwenye ndoo. Kwa imani hiyo alihudumia Kedowa, akahudumia Mulot, na wakulima, ambao walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kinacholingana, wakamwita Bwana Ndoo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Janeffer Chepkemoi, mkulima wa chai kutoka Kedowa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Chepkurui, aliyezaliwa tarehe 20 Julai 1983, na Weldon, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1988. Mnamo Januari 1989 Aron alimpeleka Chepkurui shule ya bweni, akiwa bado hajang'oa jino hata moja, na Janeffer alipomwambia, "Baba Chepkurui, huyu si ndama," alijibiwa kwamba kule bwenini kuna maziwa kila siku.

Mwaka wa 1992 alihamishiwa mjini Bomet, wilaya ilipokuwa mpya, akapewa meza, mihuri mitatu na kiti cha kuazima, na mwaka uliofuata meneja mmoja wa shamba la chai upande wa Kericho, aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo, akamwachia tangi la kioo lenye samaki sita waitwao diskasi, mviringo na bapa kama chapati iliyosimamishwa wima, wenye mistari ya buluu. Siku hizo kulikuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, na askari wa kizuizi cha barabarani akataka kibali cha mifugo, akaelezwa kwamba samaki hana miguu, akafikiri, akasema, "Lakini mdomo iko." Kwa kuwa kitabu cha vibali alikuwa nacho Aron mwenyewe, na hakikuwa na nafasi ya samaki, waliingia Bomet wakiwa kondoo sita.

Hapa nyumbani samaki hata wa kuliwa hakuwa na walaji wengi, sembuse wa kutazamwa, na wageni waliouliza, "Daktari, hizi ni za kula ama?" walijibiwa hapana, wakazidi kumsikitikia. Yeye alichota maji ya mvua kwenye tangi la mabati, akayapasha moto, na stima ikipotea alizungushia kioo mablanketi ya kitanda chao.

Samaki walipotaga mayai juu ya chungu alichowasimamishia majini, na wazazi wote wawili wakayapepea kwa mapezi mpaka yakaanguliwa, Aron alifanya alichokijua, akawavuta watoto kwa mpira mwembamba, akawatia kwenye beseni lao safi, akawapa kiini cha yai kilichochujwa kwa kitambaa. Walikufa wote. Uzao wa pili alitumia kitambaa laini zaidi, wakafa, wa tatu akajaribu matone ya maziwa, jambo ambalo familia ingependa lisiulizwe zaidi, na Janeffer alipotaka kujua hawa atawanywesha kwa ndoo ya ukubwa gani, alisema ukubwa si shida, shida ni nidhamu.

Novemba 1994 aliitwa Mulot kuchanja ng'ombe, na huku nyuma uzao wa nne ukaanguliwa, Janeffer akauacha ulivyo, akisema yeye hana nafasi ya kushindisha na njaa watoto wa mtu. Aron aliporudi aliwakuta vifaranga wamejibandika ubavuni mwa wazazi wao, wakidonoa ute unaotoka kwenye ngozi, baba akichoka anajitikisa, wote wanahamia kwa mama. Alisimama pale na koti la mvua likidondosha maji kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, na Janeffer anasema ni siku pekee ambayo hakumfokea. Baada ya majuma kadhaa, walipoanza kujitenga wenyewe, ndipo alipowaongezea moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta na kusagwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na wakaishi.

Januari 1995 Weldon, ambaye sanduku lake la bweni lilikuwa limekwisha kupakwa rangi na kuandikwa jina, hakupelekwa popote, na Aron akaenda kumchukua Chepkurui. Msichana alimpokea kwa adabu, kama mtu anavyompokea mgeni wa ofisini, akamwambia, "Asante baba, lakini mimi hapa nimezoea." Aron akarudi peke yake na mkate aliokuwa amembebea, na tangu hapo Chepkurui alikaa likizo zake kwa shangazi yake Kedowa, na baba hakumlazimisha, ila kila likizo alimwandalia kitanda.

Katikati ya mwaka wa 1997 Aron alianza kukwamwa na chakula, Februari 1998 madaktari wakathibitisha saratani ya koo, na kufikia Julai hakumeza ila maziwa ya kijiko. Agosti Chepkurui alikuja, safari hii akakaa, akajifunza kusaga moyo na kupasha maji, na kulipokuwa na uzao mpya baba alimwagiza kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana, "Usiwatoe. Waache tu." Alimlisha baba yake, akawalisha samaki, na shule ilipofunguliwa akaomba kubaki, lakini Aron, ambaye alikuwa ameheshimu kanuni maisha yake yote, akatikisa kichwa.

Jumamosi tarehe 12 Septemba aliomba aletewe Chepkurui. Jumatatu Janeffer alikwenda shuleni, akaelezwa kwamba ruhusa hutolewa kwa mazishi, si kwa ugonjwa, naye akasema vizuri, basi atakaa kwenye benchi hapo mpaka mtoto afuzu, akakaa, na alasiri akakabidhiwa mtoto. Chepkurui aliingia chumbani na sare ya shule, akapanda kitandani, akajilaza ubavuni mwa baba yake, na Aron akasogea kumpisha, hilo likawa jambo la mwisho alilofanya kwa nguvu zake, akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Septemba 1998, kabla maziwa hayajapelekwa barabarani kungoja gari la kuyachukua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakumficha neno, majirani wa Bomet walioleta maji ya moto kila stima ilipopotea, mengine ya mgonjwa na mengine ya samaki, wala hawakuuliza yapi ni yapi, na wenzake wa ofisi ya mifugo, waliosimamia kazi yake na kumhifadhia kile kiti. Mwalimu mkuu, ambaye tunaona amefika, anashukuriwa kwa ruhusa, na anaarifiwa kwa heshima kwamba Chepkurui, kwa kutaka kwake mwenyewe, hatarudi bwenini, atasoma shule ya kutwa, na familia itatuma mtu achukue godoro lake.

Pumzika kwa amani, Aron, mtoto yuko nyumbani.